Kufunga Mipira ya Pampu ya Maji ya Petroli, Kutoka Mtoni Hadi Shambani

Kiangazi kikiingia, kando ya Ruaha Mkuu pale Ruaha Mbuyuni na kwenye vitunguu vya Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi, pampu ndogo za petroli huwa ndizo zinazobeba msimu mzima. Nyingi ni za inchi 2 au inchi 3 (upana wa mdomo wa maji), zile ambazo watu wawili wanabeba asubuhi kwenda mtoni na kurudi nazo nyumbani jioni. Zikianza kusumbua, lawama huenda moja kwa moja kwenye injini. Plagi inabadilishwa, kabureta inafunguliwa, fundi analipwa, na maji bado hayatoki vizuri. Mara nyingi injini haina kosa lolote. Ama hewa inaingia kwenye mpira wa kuvuta, ama mpira wa kusukuma ni mwembamba kwa umbali uliopo. Mambo hayo mawili ndiyo yamechukua sehemu kubwa ya mwongozo huu, na ukiyaweka sawa siku ya kwanza utaokoa petroli ya msimu mzima.

Pima kwanza, nunua baadaye

Kabla hujaenda dukani, pata vipimo vitatu: kimo kutoka usawa wa maji hadi mahali pampu itakapokaa, kimo kutoka kwenye pampu hadi sehemu ya juu kabisa ya shamba, na urefu wa njia ambayo mpira utapita, pamoja na kona zake. Kwa vimo, azima mpira wa levo wa mafundi uashi, ule mwembamba unaoonyesha maji ndani. Panda nao hatua kwa hatua ukiweka alama kwenye vigingi ulivyosimamisha, kisha jumlisha. Kukadiria kwa macho mteremko wa mto kunadanganya sana.

Usawa wa maji upime wa wakati wa ukame, si wa masika. Mto unaokuwa mita 2 chini ya ukingo mwezi Mei unaweza kuwa mita 4 au 5 mwezi Oktoba, na Oktoba ndipo nyanya zako zinapohitaji maji zaidi.

Kipimo cha kwanza ndicho chenye mpaka usiovukika. Pampu haivuti maji kwa nguvu zake. Inaondoa hewa ndani ya mpira, halafu uzito wa hewa iliyo nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Hata kama kusingekuwa na msuguano wala uvujaji wowote, hewa ya usawa wa bahari ingeweza kuyainua maji mita 10.3 tu. Ndiyo maana viwanda huandika mita 8 kwenye kijitabu cha pampu, na hiyo 8 ni ya pampu mpya, mipira mipya, karibu na bahari. Ukipanda milimani hewa inapungua uzito. Njombe, karibu mita 1,900 juu ya bahari, unapoteza takriban mita 2 za uwezo huo kabla hujawasha. Iringa na Mbeya nako hasara ipo. Injini nayo inapungua nguvu kwa sababu inapata hewa kidogo. Kwa kazi ya kila siku, jitahidi kimo cha kuvuta kisizidi mita 4 au 5, na kadiri kinavyopungua ndivyo unavyopumzika.

Kwa upande wa kusukuma una uhuru zaidi, kwa hiyo kanuni ni kuvuta kidogo na kusukuma mbali. Pampu ikae karibu na maji, na urefu wote uwe kwenye mpira wa kusukuma.

Unene wa mpira wa kusukuma

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea bila mtu kujua. Maji yakipita ndani ya mpira yanasuguana na kuta zake, na msuguano huo unaila nguvu ya pampu sawasawa na kupandisha maji kilimani. Chukua lita 300 kwa dakika. Kwenye mpira wa inchi 2 ulionyooka, kila mita 100 zinakula nguvu inayolingana na kupanda takriban mita 13. Maji hayo hayo kwenye mpira wa inchi 3 yanakula chini ya mita 2. Ukibana kwenye inchi 1 na nusu, msuguano unazidi mita 50, na pampu ya kawaida ya inchi 2, ambayo uwezo wake wote wa kupandisha maji ni kama mita 30, haiwezi kabisa.

Tuweke mfano. Pampu ya inchi 2 imekaa mita 3 juu ya maji, shamba liko mita 8 juu ya pampu, na njia ni mita 120. Mwinuko halisi ni mita 11. Kwa mpira wa inchi 2, msuguano utaibana pampu ile itoe kama lita 250 kwa dakika au pungufu. Ukiweka kiunganishi cha kupanua pale kwenye mdomo wa kutolea, ukaenda na inchi 3 njia nzima, unaweza kukaribia lita 400. Injini ni ile ile, ila kila lita ya petroli inakuletea maji mengi zaidi. Mpira wa inchi 3 ni ghali zaidi, lakini bei hiyo unailipa mara moja, na petroli unainunua kila siku. Kwa umbali usiozidi mita 40 au 50 na mteremko mdogo, inchi 2 inatosha. Zaidi ya hapo mimi ningeenda inchi 3 bila kusitasita.

Upande wa kuvuta haubanwi kamwe. Mdomo wa pampu ukiwa inchi 2, mpira wa kuvuta ni inchi 2. Kupunguza hapo ni kuinyima pampu maji.

Vifaa vya kuwa navyo mkononi

Mpira wa kuvuta ni lazima uwe mgumu, wenye uzi wa plastiki uliojizungusha ndani ya ukuta wake, ili usijibane pampu inapoondoa hewa. Ule mpira bapa unaolala chini ukiwa mtupu ni wa kusukumia tu. Ukiuweka upande wa kuvuta utajikunja papo hapo na maji hayatapita. Mpira bapa nao usome maandishi yake. Pampu ya mita 30 inatoa shinikizo la takriban baa 3, kwa hiyo tafuta mpira wa baa 4 au zaidi. Pampu zile za kupandisha maji juu sana, zinazoandikwa mita 50 hadi 80, zinataka mpira mzito zaidi ya huo.

Kisha chukua chujio (mara nyingi linakuja ndani ya boksi la pampu), futi valvu (valvu ya kwenye ncha ya mpira wa kuvuta, inayozuia maji yasirudi mtoni) kama maji ya chanzo chako yana kina cha kutosha, klipu za chuma angalau mbili kwa kila kiungo, bisibisi na spana, tepu nyeupe ya bomba, kamba ya nailoni, na kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli au pikipiki. Hicho kipande cha tyubu utakishukuru.

Mahali pa pampu

Tafuta sehemu iliyo sawa na ngumu, karibu na maji lakini si mahali ambapo mto ukipanda ghafla utaibeba. Pampu iliyoinama huifanya oili ikae upande mmoja wa injini. Kwenye mchanga, iweke juu ya ubao ili isizame kwa mtetemo, na uifunge kamba kwenye mti au kigingi ili isitambae kuelekea majini. Elekeza sailensa upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na wewe na mbali na majani makavu.

Na hili nalisema kwa uzito wote: usishushe pampu ya petroli ndani ya kisima au shimo ili kuyafuata maji. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inajaa shimoni kwa dakika chache. Anayeshuka kuangalia pampu anaanguka, anayemfuata kumwokoa anaanguka juu yake. Kisima kikiwa na kina kinachozidi uwezo wa kuvuta, kazi hiyo ni ya pampu ya kuzamisha ya umeme au ya sola.

Kuhusu kibali, Tanzania maji ya mto yanasimamiwa na Bodi za Maji za Mabonde chini ya sheria ya mwaka 2009, na shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni zimezuiwa na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004. Kenya uliza ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Nenda ukaulize kabla ya kupanda, si baada ya kutembelewa.

Kufunga mpira wa kuvuta

Fanya kazi hii taratibu kuliko zote. Kiungo kinachovuja upande wa kusukuma utakiona kwa macho, maji yanaruka. Upande wa kuvuta hakuna tone linalotoka. Hewa ndiyo inayoingia, kimya, na pampu inashindwa kushika maji. Ni sawa na kunywa soda kwa mrija wenye tundu.

Anza na kiunganishi cha pampu. Kati ya kile kipande chenye meno na mdomo wa pampu kuna washa ya mpira, bapa na nyeusi. Mara nyingi hudondoka wakati boksi linafunguliwa na kutupwa pamoja na makaratasi. Bila washa hiyo pampu haitashika maji hata ukaze namna gani. Ikipotea, kata nyingine kutoka kwenye ile tyubu, weka mbili kama ni nyembamba, kisha kaza nati kwa mkono hadi iishie, halafu robo mzunguko kwa spana. Ukilazimisha zaidi, plastiki inapasuka.

Chovya ncha ya mpira kwenye maji ya moto kwa dakika moja au mbili ilainike. Usiutie motoni, plastiki iliyoungua hukakamaa na kupasuka baadaye. Ukiwa bado wa moto, usukume kwenye kiunganishi hadi upite meno yote na kugota mwisho. Kama mgongo wa mpira una matuta, zungusha ukanda wa tyubu mara mbili pale klipu itakapokaa, ili ibane sawasawa pande zote. Visha klipu mbili, skrubu zake zikitazamana pande tofauti, moja juu na moja chini. Kaza hadi uone mpira umevimba kidogo pembeni mwa klipu. Baada ya saa moja ya kazi rudi ukaze tena, kwa sababu mpira ukipata joto unalegea.

Chujio linafungwa kwa namna hiyo hiyo upande wa pili. Usifanye kazi bila chujio hata kwa siku moja; kokoto moja inatosha kuvunja impela, lile gurudumu la ndani ya pampu linalosukuma maji. Lakini chujio likilala kwenye tope litaziba, na likikaa karibu sana na uso wa maji litatengeneza kizingia (maji yanayozunguka kama faneli) na kuvuta hewa. Liweke angalau sentimita 30 chini ya uso na sentimita 30 juu ya sakafu ya mto. Njia rahisi ni dumu tupu la lita 20 lililofungwa kizibo vizuri: funga kamba kutoka kwenye dumu hadi kwenye chujio kwa urefu unaoutaka, dumu lielee na chujio lining'inie chini yake. Pale penye majani na takataka nyingi, tumbukiza chujio ndani ya ndoo iliyotobolewa matundu au tenga, upate chujio la pili. Kamba nyingine iende ukingoni, ibebe uzito, ili mpira usining'inie kwenye mdomo wa pampu.

Sasa tazama njia ya mpira kutoka majini hadi kwenye pampu. Unatakiwa upande mfululizo, bila kushuka popote. Ukipita juu ya jiwe au gogo kisha ukashuka kabla ya kufika, pale juu hewa inajikusanya na kukaa, na maji yanapita kwa taabu. Chimba kidogo ukingo, au sogeza pampu, hadi njia iwe ya kupanda tu. Mpira uliozidi urefu usiuzungushe rundo pembeni, ukate.

Kutandaza mpira wa kusukuma

Ukunjue ukiusukuma uende mbele kwenye njia yake. Ukiuburuta juu ya mawe na vigingi vya mahindi unautoboa kabla haujafanya kazi. Hakikisha haujajisokota mahali. Msokoto mmoja ukijaa maji unakuwa kufuli, na pale ndipo mpira unapopasuka. Kona zipinde kwa upana. Kama eneo ni finyu, weka elbo ya bomba.

Mpira bapa ni laini, hivyo klipu nyembamba huukata. Tumia klipu pana, au zungusha ukanda wa tyubu kwanza. Vipande viwili vikiunganishwa, weka kiunganishi chenye ukubwa ule ule wa mpira. Watu huunganisha mpira wa inchi 3 kwa kipande cha bomba la inchi 2 kisha wanashangaa maji yamepungua.

Kumbuka uzito. Mpira wa inchi 2 unabeba karibu lita 2 za maji kwa kila mita, kwa hiyo mita 50 ni kama kilo 100. Wa inchi 3 unabeba zaidi ya mara mbili ya hapo. Ukiwa unapanda mteremko, uzito huo wote unavuta kurudi chini kuelekea kwenye pampu. Piga vigingi kila baada ya mita kumi hivi, funga mpira kwa ukanda mpana wa tyubu au kitambaa (kamba nyembamba itaukata), na pale kwenye pampu weka jiwe au gogo la kuuegemeza. Usijaribu kuuhamisha ukiwa umejaa. Zima, acha maji yatoke, kisha vuta.

Mahali unapokatiza njia ya bodaboda na mikokoteni, zika kipande cha bomba gumu na upitishe mpira ndani yake. Upande wa shamba, ncha ya mpira iweke juu ya gunia lililojaa mchanga au mawe bapa, maji yapungue kasi kabla ya kuingia mferejini, la sivyo utachimba korongo katikati ya matuta. Ncha hiyo ifungwe. Mpira wa inchi 2 ulioachwa huru unapiga huku na huku maji yanapofika.

Kuwasha

Angalia oili ya injini. Kisha fungua kizibo cha juu cha pampu na ujaze maji safi hadi yafurike. Jambo hili halina mjadala: ndani kuna sili (kizuizi cha maji kwenye mhimili wa pampu) inayopozwa na maji, na ikizunguka kavu inaungua kwa muda mfupi sana. Kama umeweka futi valvu, jaza hadi mpira wa kuvuta nao ujae, subiri kidogo, uone kama maji yanashuka. Yakishuka, futi valvu haifungi. Mara nyingi ni kijiti au mchanga umekwama.

Rudisha kizibo, washa, acha injini ikiwa na resi ya chini kwa muda mfupi, halafu ongeza resi. Pampu iliyofungwa vizuri hushika maji ndani ya dakika moja hadi tatu, kutegemea urefu wa mpira wa kuvuta. Dakika tano zikipita bila maji, zima. Maji yaliyo ndani ya pampu yameshapata moto. Jaza upya na uanze kutafuta hewa inapoingia. Mpira wa kusukuma ukijaa, tembea njia nzima ukaangalie. Kama kuna koki shambani, ifunge na kuifungua polepole, kwa sababu maji yanayosimamishwa ghafla hupiga kwa kishindo na kupasua mpira.

Kuna jambo moja huwachanganya watu siku ya pili. Jana pampu ilishika maji vizuri, leo haishiki, na hakuna kilichoguswa. Kama mpira wa kusukuma bado umejaa maji na unapanda kilima, hewa ya upande wa kuvuta haina pa kutokea. Fungua kiungo cha kutolea, acha maji ya kwenye mpira yamwagike, washa hadi pampu ishike, zima, unganisha tena. Valvu ya kuzuia maji kurudi huleta shida hiyo hiyo. Ukiiweka, weka koki ndogo ya kutolea hewa kati yake na pampu.

Maji yakigoma

Injini inaunguruma vizuri lakini hakuna maji: tafuta hewa. Paka povu zito la sabuni kwenye viungo vyote vya upande wa kuvuta pampu ikiwa inafanya kazi. Pale povu linapovutwa ndani ndipo penye tundu. Maji yanatoka kwa kukohoa: chujio liko juu mno, au kuna mgongo kwenye njia ya mpira. Yalianza vizuri kisha yakapungua: chujio limeziba. Mpira wa kuvuta umebonyea: umelainika kwa jua au umechakaa, na hakuna dawa ila mpya. Maji yanatoka ila machache tangu siku ya kwanza: rudi kwenye vimo na unene wa mpira, usimsumbue fundi.

Kuzima na kutunza

Shusha resi kwanza, ndipo uzime. Mafuta yaongezwe injini ikiwa imepoa, mbali na ukingo, kwa faneli. Petroli iliyomwagika mtoni inamfikia anayechota maji ya kunywa huko chini. Toa maji ndani ya pampu kwa kizibo cha chini, hasa kama mto una mchanga, na mara moja moja ipitishie maji safi.

Mpira bapa uanze kuukunja kutoka upande wa juu wa mteremko ili maji yaishe yenyewe, uanike kivulini, ukunje na kuuning'iniza. Jua la mchana huukausha na kuupasua, na panya wanaupenda ukiwekwa chini ghalani. Tundu dogo linatibika kwa kiraka cha tyubu na gundi ya viraka kama mpira ni wa raba. Kwa mpira wa plastiki tumia gundi ya PVC na kipande cha mpira huo huo. Mpasuko mrefu usiuhangaikie: kata pale palipopasuka, weka kiunganishi, funga klipu mbili kila upande.